Mwongozo kamili: kufuatilia asili ya neno refu la Kijerumani, kutoka Joachimsthaler hadi dola

Ukitoa noti ya dola mfukoni, umeshika bonde. Bonde lenyewe liko Ucheki, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Ujerumani, na mji uliojengwa humo Wajerumani waliuita Sankt Joachimsthal. Sarafu ya fedha iliyotoka huko ikaitwa Joachimsthaler. Watu wakachoka kulitamka lote, wakalikata kichwa, wakabaki na Thaler. Thaler likapita midomoni mwa Wajerumani wa kaskazini, Waholanzi na Waingereza, likatufikia sisi likiwa dola.

Safari kama hiyo unaweza kuifuatilia mwenyewe ukiwa na simu, daftari na jioni moja isiyo na wageni. Si lazima ujue Kijerumani vizuri. Lazima uwe mbishi. Maneno ambatani ya Kijerumani yanaonekana wazi kama kioo: unaona vipande, unavitafsiri, unafurahi. Hapo ndipo wengi tunapoanguka, na mimi nimeanguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwanza hakikisha neno ni lile lile

Kiswahili kina dola mbili. Ile ya "vyombo vya dola" inatoka Kiarabu, dawla, na haina udugu wowote na ile ya benki. Ukianza utafiti kwa kuzichanganya, utafika Baghdad wakati ulikuwa unakwenda Bohemia, eneo la Ucheki lenye bonde letu. Kwa hiyo andika juu ya ukurasa wa daftari neno, maana yake, na sentensi moja ambamo linatumika. Kazi ya dakika moja, lakini usiiruke.

Soma kuanzia mkiani

Katika Kiswahili bwana wa neno hukaa mbele: mwanasheria ni mwana kwanza, sheria baadaye, gari moshi ni gari. Kijerumani kimegeuza. Dampf ni mvuke, Schiff ni meli, na Dampfschiff ni meli ya mvuke, si mvuke wa meli. Kipande cha mwisho ndicho kinachosema kitu hiki ni nini, na ndicho kinachotoa jinsia na wingi wa neno zima. Vya mbele vyote ni vibarua.

Jaribu na Donaudampfschifffahrtsgesellschaft. Usihangaike na urefu. Mkiani kuna Gesellschaft, kampuni. Kampuni ya nini? Ya Schifffahrt, usafiri wa meli. Meli gani? Za Dampf. Wapi? Mto Donau, yaani Danubi. Kampuni hiyo ilikuwepo kweli, iliundwa Vienna mwaka 1829, na neno lake ni rahisi kuliko linavyotisha. Maneno marefu ya aina hii ni treni: mabehewa mengi, lakini kila behewa limeandikwa namba. Mwaka 1999 jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lilipitisha sheria kuhusu nani asimamie uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe, na ndani ya jina lake fupi (fupi!) mlikuwa na neno Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63. Sheria ikafutwa mwaka 2013. Kwa mtafuta asili neno hilo halina siri hata moja. Yeye siri zake huzikuta katika maneno mafupi.

Sasa Joachimsthaler. Mkiani kuna -er. Si neno, ni kiambishi tamati, na hapa kinafanya kazi ya M- yetu katika Mzanzibari au Mpemba: "wa kutoka". Berliner ni wa Berlin. Basi tayari tunajua kwamba neno letu linasema "cha kutoka mahali fulani", na kazi iliyobaki ni kupata mahali hapo.

Kata, kisha tilia shaka ulipokata

Kisu kikipotea kidogo tu, maana inabadilika. Staubecken ukiikata Stau-becken unapata bwawa la kuzuia maji. Ukiikata Staub-ecken unapata pembe zenye vumbi. Watoto wa Kijerumani hucheka juu ya Blumentopferde, yaani udongo wa chungu cha maua (Blumen-topf-erde), ambayo jicho lenye haraka huisoma kama Pferde, farasi, wa aina isiyojulikana iitwayo Blumento.

Wanaokata vibaya si wageni peke yao. Mfano mkubwa kuliko yote uko kwenye ubao wa bei wa mgahawa wowote wa Dar au Nairobi: baga. Hamburger ni Hamburg-er, "cha Hamburg", na Hamburg ni mji uliokua kuzunguka ngome ya Hammaburg ya karne ya 9. Burg ni ngome. Waingereza na Wamarekani wakasikia ham, nyama ya paja la nguruwe, ingawa ndani mna nyama ya ng'ombe. Wakakata Ham-burger. Kikapatikana kipande kipya, burger, kikaanza kuzaa: cha jibini, cha kuku, cha samaki. Sisi tukapokea baga. Tunakula nusu ya ngome pamoja na kiambishi.

Tusiwacheke sana. Kitabu kwa Kiarabu ni kitāb, na ki- yake ni sehemu ya neno lenyewe. Tuliisikia kama ki- ya kiti, tukafanya vitabu. Na madigadi ya gari yaliyotoka kwenye neno moja la Kiingereza yalitupa digadi moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Hivyo ndivyo lugha zote zinavyokata, na mtafiti anayelijua hilo kwa lugha yake ataliona upesi kwa lugha ya wengine.

Kanuni ninayoitumia: kila kipande nakitafuta peke yake katika kamusi. Kikisimama, nasonga mbele. Kisiposimama, nafurahi, kwa sababu nimepata kisukuku. Beere ni tunda dogo, na Himbeere ni rasiberi, lakini Him- haipo kokote leo. Katika Kijerumani cha kale neno lilikuwa hintberi, na hint- ni paa jike, ambaye jina lake bado linaonekana katika Hinde.

Gundi isikudanganye

Kati ya vipande mara nyingi kuna herufi isiyo ya huku wala ya kule: s, n, en, er. Wajerumani wanaiita Fuge, neno la maseremala na waashi, pale vipande viwili vinapokutana. Katika Joachimsthal, s ina historia ya wazi: ni ya umilikaji, bonde la Joachim. Lakini usifanye kanuni. Liebesbrief ni barua ya mapenzi, na Liebe haijawahi kuwa na umilikaji wa Liebes. S hapo ni gundi tupu. Na Sonnenschein, mwanga wa jua, haina majua mengi ndani yake hata kama leo Sonnen ni wingi. Zamani neno hilo lilitwaa -n hata likiwa umoja, na umbo la kale likabaki limebanwa katikati kama mwiba wa samaki.

Rekebisha tahajia kabla ya kufungua kamusi

Tafuta Thal katika kamusi ya sasa na utaelekezwa Tal. Mkutano wa tahajia uliofanyika Berlin mwaka 1901 uliondoa h hiyo katika maneno ya asili ya Kijerumani: Thal ikawa Tal, Thür (mlango) ikawa Tür, Thaler ikawa Taler. Majina ya watu na ya mahali mengi yalibaki nayo. Vilevile ukikutana na Schiffahrt yenye f mbili, ujue maandishi ni ya kabla ya mageuzi ya 1996, yaliyoamua f tatu zikae pamoja hata zikichukiza. Ukijua tarehe hizi mbili unaweza kukisia umri wa kitabu kabla hujafika ukurasa wa mchapishaji.

Sasa kamusi

Anza na DWDS, kamusi ya kidijiti inayotunzwa na Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Ni bure. Andika neno, shuka hadi sehemu yenye kichwa Etymologie. Maelezo ya hapo yanatoka katika kamusi ya asili ya maneno iliyoongozwa na Wolfgang Pfeifer. Ukitaka kuona neno likitumika karne kwa karne, ingia katika kamusi kubwa ya ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, walewale wa hadithi za watoto. Waliianza mwaka 1838, kitabu cha kwanza kikatoka 1854, na Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa amefika neno Frucht, tunda. Wengine wakaendelea, ikamalizika 1961. Usome Grimm kwa ajili ya mifano, lakini hoja za asili zihakikishe kwa kamusi mpya zaidi.

Utakutana na vifupisho. Vichache vinatosha: ahd. ni Kijerumani cha kale (takribani 750 hadi 1050), mhd. ni cha kati (hadi 1350 hivi), nd. ni Kijerumani cha nyanda za chini za kaskazini, Jh. ni karne, vgl. ni "linganisha". Nyota ndogo mbele ya neno (*) maana yake umbo hilo halijaandikwa popote. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha ndugu. Usilinukuu kana kwamba kuna mtu alilisikia.

Na dokezo ambalo sikuambiwa na mwalimu yeyote: kamusi za asili mara nyingi haziyapi maneno ya wazi nafasi ya pekee. Dampfschiff utaisoma chini ya Dampf na Schiff. Neno ambatani likiwa na ingizo lake mwenyewe lenye aya ndefu, simama hapo. Kuna jambo.

Maulwurf, na kwa nini vipande husema uongo

Maul ni mdomo wa mnyama. Wurf ni mrusho. Maulwurf ni fuko. Basi fuko ni mnyama arushaye udongo kwa mdomo? Ndivyo nilivyowaeleza wanafunzi wangu mwaka mmoja, na wote wakaandika.

Lakini fuko wa Ulaya hachimbi kwa mdomo. Anachimba kwa viganja vya mbele vilivyopanuka kama sepetu. (Kichekesho ni kwamba fuko wetu wa Afrika Mashariki, akiwemo yule asiye na manyoya wa Kenya, Somalia na Ethiopia, huchimba kwa meno. Jina la Kijerumani lingemfaa yeye.) Kitu na jina vikigombana, fuata umbo la kale. Katika ahd. tunapata mūwerf. Mū- ni lundo, chungu ya udongo. -Werf ni mrushaji, kutoka werfen, kurusha. Fuko ni mrusha-malundo, na kila aliyewahi kuona bustani iliyoharibiwa naye atakubali.

Kisha mū- ikafa kama neno la kujitegemea. Wasemaji wakabaki na kipande wasichokielewa, na wasemaji hawapendi kubaki hivyo. Wakaweka molt-, udongo au vumbi: moltwerf, mrusha-udongo. Bado sawa. Baadaye molte nayo ikafa. Wakatafuta tena kitu kinachofanana kwa sauti, wakapata mūl, mdomo. Na -werf, mrushaji, ikageuka -wurf. Mnyama mmoja, majina matatu, kila moja likiwa ukarabati wa lililotangulia, na la mwisho ndilo lisilo kweli.

Wataalamu huliita jambo hili etimolojia ya watu. Utalikuta kila mahali. Hängematte, kitanda cha kuning'inia, inaonekana kuwa hängen, kuning'inia, na Matte, mkeka. Ukweli ni neno la Wataino wa Karibi, hamaca, lililopokelewa na Wahispania, likafika kwa Waholanzi, ambao ndio walioligeuza kuwa mkeka unaoning'inia, na Wajerumani wakachukua kwao. Sintflut, gharika ya Nuhu, ina sin- ya kale yenye maana ya "kubwa, ya kote". Kwa karne nyingi wengi waliiandika Sündflut, gharika ya dhambi (Sünde), maana kipande kilikuwa hakieleweki na dhambi zilikuwa karibu.

Pima kwa sheria za sauti

Utajuaje kama neno limekarabatiwa? Sauti hubadilika kwa mpangilio, na neno lisilofuata mpangilio limeguswa na mkono wa mtu. Kwa Kijerumani bebea sheria mbili tu mwanzoni.

Moja: irabu ndefu ī na ū za zamani zilifunguka kuwa ei na au. Hūs ikawa Haus, nyumba; mīn ikawa mein, -angu; mūl ikawa Maul. Sasa chukua Friedhof, makaburi. Inasomeka kama Frieden, amani, na Hof, ua: ua wa amani. Maana nzuri mno, na uzuri wa namna hiyo ni sababu ya kushuka hadi umbo la kale. Ahd. ni frīthof, ua uliozungushiwa na kulindwa mbele ya jengo, kisha ule wa kanisa, ambamo watu walizikwa. Ī ndefu ingetoa ei, kwa hiyo leo tungetegemea Freithof. Na kweli, Bavaria na Austria lahaja bado zina Freithof. Umbo la kitaifa halikutii sheria kwa sababu amani iliingilia kati na kulivuta. Frieden ni ndugu wa mbali wa kipande hicho, sawa, lakini neno halikuanza kama kumtakia marehemu pumziko. Lilianza kama uzio.

Mbili: d ya lugha ndugu za kaskazini mara nyingi hulingana na t ya Kijerumani sanifu. Kiingereza day, Kijerumani Tag. Kiingereza daughter, Kijerumani Tochter. Kiingereza dale, bonde, Kijerumani Tal. Hii ndiyo inayofungua dola. Kama neno lingetoka moja kwa moja Bohemia hadi London, Waingereza wangelipokea na t. Wanalo na d kwa sababu lilipitia watu wa nyanda za chini na Waholanzi, ambao walilisema daler na daalder. Herufi moja inakuonyesha njia ya wafanyabiashara.

Nenda hadi kwenye kitu chenyewe

Kamusi haitoshi, neno la sarafu lazima likutane na sarafu. Mji wa Sankt Joachimsthal ulianzishwa mwaka 1516 baada ya fedha kugunduliwa katika Erzgebirge, safu ya milima ambayo jina lake ni Erz, mbale za madini, na Gebirge, milima. Ardhi ilikuwa ya makabaila wa ukoo wa Schlick, na kuanzia 1520 hivi walitengeneza sarafu nzito za fedha zenye sura ya mtakatifu Joachim, ambaye mapokeo ya Kikristo yanasema ni baba yake Mariamu. Leo mji unaitwa Jáchymov. Mbale zake za urani ndizo Marie Curie na mumewe walizozichambua walipogundua elementi za poloni na radi mwaka 1898, jambo lisilohusiana na dola ila kwa kuwa mashimo ni yaleyale.

Angalia sasa jina lilivyofanya kazi. Mwanzoni -er ilikuwa sifa ya sarafu: gulden, aina ya sarafu, ya Joachimsthal. Kisha sifa ikammeza bwana wake. Pwani yetu inaufahamu mchezo huu: kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa na meli za Marekani katika karne ya 19 kikaitwa amerikani, na "kitambaa" kikaachwa njiani. Baada ya hapo wakakata na Joachim. Mtakatifu, mji na mmiliki wote wakaanguka, likabaki neno ambalo kwa Kiswahili ni "cha bondeni" tu.

Thaler mmoja aliifikia pwani kwa miguu yake. Ule wa malkia Maria Theresa wa Austria, wenye mwaka 1780, mwaka aliofariki, uliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu baada yake, ukazunguka Oman, Ethiopia na Zanzibar. Kwetu hakuitwa thaler, aliitwa reale. Kitu kilifika kabla ya jina.

Kwa hela mambo yalikwenda vingine. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipofanywa Heller 100. Heller ni Haller Pfennig, peni ya mji wa Hall, ule ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall. Tena -er, tena mahali, tena sifa iliyommeza bwana wake. Mtanzania anayebadilisha dola kuwa hela anabadilisha bonde kwa mji.

Zoezi: Neandertaler

Jaribu mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Mkia ni uleule: -tal-er, wa bonde. Bonde la nani? Mwaka 1856 wachimba mawe karibu na Düsseldorf walipata mifupa katika bonde la Neandertal. Bonde lilipewa jina kwa heshima ya Joachim Neander, mtunzi wa nyimbo za kanisa wa karne ya 17, Joachim mwingine tena. Tahajia: William King alimpa binadamu huyo wa kale jina la kisayansi, Homo neanderthalensis, mwaka 1864, kabla ya mkutano wa Berlin, na majina ya kisayansi hayafuati mageuzi ya tahajia, kwa hiyo h ipo hadi leo.

Imebaki Neander, na hapa usikate tamaa kwa kuwa ni jina la ukoo. Ukoo wake uliitwa Neumann kabla ya kuifuata desturi ya wasomi wa wakati huo ya kugeuza majina kuwa ya Kigiriki. Neu ni -pya, Mann ni mtu. Néos na anḗr kwa Kigiriki. Andika jibu daftarini: binadamu wa kale kuliko wote tuliowataja hapa anaitwa wa Bonde la Mtu Mpya, na kiambishi chake ni kilekile kilicho kwenye noti.